Chati karibu zote zimeandikwa pumzi 20 kwa dakika: naweza kulifanyia jambo hili utafiti?

Diploma_Mwaka3
Wakuu, habari za majukumu. Naandaa pendekezo la utafiti kuhusu upumuaji unaoandikwa kwenye chati za wodi ya watu wazima. Ukipitia mafaili unakuta 20, 20, 18, 20. Mwenye nimonia na mwenye kidonda cha mguu wako sawa. Lengo nililoandika ni "kuchunguza umuhimu wa upumuaji kwa mgonjwa". Msimamizi kalirudisha, anasema halipimiki, na anataka nieleze uthabiti na uhalali wa kipimo. Nikilinganisha namba za asubuhi na za jioni zikafanana, si ndiyo uthabiti? Na nadharia tete (dhana ya kujaribiwa na utafiti) ni lazima?

Stetho
Zikifanana kwa sababu zamu ya jioni imenakili ya asubuhi, hujapima kitu. Uthabiti ni watu wawili kuhesabu kifua kilekile, dakika ileile, kila mmoja kivyake, wakapata namba zinazokaribiana. Uhalali ni namba hiyo kuwa kweli ndiyo pumzi za mgonjwa. Asubuhi na jioni haviingii hapo, maana mgonjwa mwenyewe hubadilika.

Lengo liandike hivi: "Kupima tofauti kati ya idadi ya pumzi iliyoandikwa na muuguzi na ile iliyohesabiwa na mtafiti kwa sekunde 60, ndani ya dakika 10 tangu kipimo cha muuguzi, kwa wagonjwa wa miaka 18 na zaidi." Hilo linapimika. Nadharia tete si lazima ukiwa unaeleza hali ilivyo tu. Ukitaka kulinganisha zamu ya mchana na ya usiku, ndipo uiandike.

Sasa kuhesabu kwenyewe, ambako wengi huharibu. Mgonjwa awe ametulia dakika 5 hivi. Hajatoka kutembea, haongei. Shika kifundo cha mkono wake kana kwamba bado unapima mapigo, mkono huo umelala juu ya kifua, ili uone na uhisi kwa pamoja. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Saa iwe na mshale wa sekunde, uhesabu dakika nzima. Akijua unahesabu pumzi atazibadili bila kukusudia, kwa hiyo fomu ya ridhaa itaje vipimo vya kawaida kwa ujumla, na kamati ya maadili ijue hivyo tangu mwanzo. Andika namba yako KABLA ya kufungua chati. Ukishaona 20, macho yako nayo yataitafuta 20.

Takwimu_Kidogo
Naongezea kuhusu sekunde 15 mara 4, maana ndiyo mazoea. Mgonjwa anayepumua mara 22 kwa dakika, ndani ya sekunde 15 ana pumzi tano na nusu. Utaona 5 au 6, utaandika 20 au 24. Kwenye NEWS2, alama zinazotumika Uingereza kumtambua mgonjwa anayezidiwa, pumzi 12 hadi 20 ni alama 0, na 21 hadi 24 ni alama 2. Nusu pumzi imeamua kama daktari ataitwa au la. Na mwenye upumuaji unaokatika na kurudi, sekunde 15 zinaweza kuangukia pale aliponyamaza.

Kwa hiyo kabla ya yote, chukua chati za zamani uhesabu ni ngapi zinagawanyika kwa 4. Namba zingekuwa zimehesabiwa kwa dakika nzima, ungetarajia kama robo hivi. Zikizidi sana hapo, una ushahidi wa mazoea, ingawa hujui pumzi halisi zilikuwa ngapi.

Kwenye uchambuzi usikimbilie korelesheni, yaani kipimo cha jinsi namba zako na za muuguzi zinavyopanda na kushuka pamoja. Muuguzi anayeandika pumzi 4 zaidi ya zilizopo kila mara atakupa korelesheni ya 1 kamili huku akikosea kila mgonjwa. Aliyeandika 20 kwa wote, hata kuikokotoa huwezi. Tumia njia ya Bland na Altman ya mwaka 1986: wastani wa tofauti, kisha ongeza na utoe mara 1.96 ya mchepuko sanifu (kiasi cha kutawanyika) wa tofauti hizo.

Diploma_Mwaka3
Asanteni sana. Wauguzi wakijua nipo si wataanza kuhesabu vizuri? Na nikipata 32 wakati chati inasema 20?

Stetho
Wataanza, ndiyo. Kaa wodini siku 2 au 3 za mwanzo ukikusanya takwimu ambazo hutazitumia, hadi wakuzoee. Hali hiyo haiishi kabisa, kwa hiyo itaje kwenye mapungufu ya utafiti.

Ukipata 32, rudia kuhesabu palepale, angalia oksijeni na kama anatumia misuli ya shingo kupumua, umwambie inchaji wa wodi hapohapo. Usingoje kumaliza fomu. Utaratibu huo uandike ndani ya pendekezo lenyewe. Jina la muuguzi aliyeandika 20 lisiingie popote kwenye fomu zako, weka namba ya siri tu.