Naomba ushauri: tusomeje The Illustrated Man na wenzetu wasiopenda hadithi za giza?

MpangaVitabu
Ndugu wasomaji, kikundi chetu kimechagua The Illustrated Man, mkusanyiko wa hadithi fupi za kisayansi wa Ray Bradbury uliochapishwa mwaka 1951. Una hadithi 18, zilizounganishwa na kisa cha mtu aliyejaa michoro mwilini, ambayo usiku huanza kutembea na kuonyesha mambo yajayo. Baadhi ya wenzetu wameanza kulalamika kwamba giza limezidi na wanataka tubadilishe kitabu. Je, tukisome kwa mpangilio wake, au tuchague hadithi chache?

Jicho la Tatu
Msikibadilishe. Anzeni na The Veldt, ambayo ndiyo ya kwanza kitabuni. Nyumba inapika na kufunga hata kamba za viatu, na kuta za chumba cha watoto huonyesha chochote wanachokifikiria, nao wamekwisha kuchagua mbuga yenye simba. Bradbury hana haja ya kumwaga damu ili akutishe: baba anaokota humo pochi yake ya zamani, imetafunwa, inanuka simba, na ina madoa ya damu pande zote mbili. Mimi pochi ile ilinitisha kuliko simba wenyewe. Waulizeni wenzenu kama wa kulaumiwa ni chumba au ni wazazi waliokiachia kazi ya malezi, na mjadala hautalala.

Mkosoaji Mpole
Naomba kutofautiana kidogo na mwenzangu. Ukizisoma hadithi hizi mfululizo, hufiki mbali kabla hujaanza kukisia miisho, kwa kuwa mara nyingi unajua mapema kwamba mtu atakufa na unabaki kusubiri atakufaje. Sayansi yake nayo imepitwa na wakati. The Long Rain inaichora Zuhura kama sayari ya mvua isiyokatika, ilhali vyombo vya uchunguzi vimeonyesha kwamba joto la uso wake linakaribia nyuzi 460 za Selsiasi. Chagueni chache, nyingine ziacheni.

Mwanafasihi
Joto la Zuhura halinisumbui hata kidogo, kwa sababu mvua ile ipo ili tuone akili za watu zikivunjika, wala mwandishi hakukusudia kutufundisha hali ya hewa. Nakubali, hata hivyo, kwamba kusoma mfululizo kunaziua; hadithi mbili kwa kikao zinatosha. Hadithi msiyopaswa kuikosa ni Kaleidoscope. Roketi imepasuka, wanaanga wametawanyika angani, kila mmoja anaelea upande wake, na kilichobaki cha kuwaunganisha ni redio tu. Muda mchache uliobaki wanautumia kusutana. Hollis, ambaye anahisi hakuishi maisha ya maana, anamwambia Lespere kwamba raha zake zote za zamani sasa hazina thamani, na anayasema hayo kwa wivu mtupu. Hapo hakuna mtambo muovu wala kiumbe kutoka sayari nyingine. Giza lote limetoka katika vinywa vya watu wanaojua kwamba wanakufa.

Msomaji wa Kando
Wanaolalamika wapewe The Rocket, hadithi ya mwisho. Inamhusu muuza vyuma chakavu maskini, watoto wake, na roketi isiyoweza kuruka. Sitasema zaidi.

MpangaVitabu
Nawashukuru sana. Tutaanza na The Veldt na Kaleidoscope, kisha The Rocket ifuate mapema kabla watu hawajakata tamaa. Na kile kisa cha mtu mwenye michoro, tunaweza kukiruka?

Mwanafasihi
Hapana. Utangulizi ni mfupi, usomeni kwa sauti katika kikao cha kwanza. Humo mnaambiwa kwamba mgongoni mwake kuna sehemu moja ambayo humwonyesha mtu aliyekaa karibu naye kwa muda yatakayompata mtu huyo mwenyewe. Kipande cha kufungia kitabu kinaitegemea sehemu hiyo, kwa hiyo kiwekeni hadi kikao cha mwisho, na wanaopenda kuchungulia kurasa za nyuma waonywe mapema.