Aphex Twin, Autechre au Boards of Canada: nianze na ipi?

Mzururaji89: Wakuu heshima kwenu. Nimechoka na miziki ya elektroniki ya kurukaruka, nataka ile ya miaka ya 90 ya kutulia, yenye melodi, unaweka hedfoni kwenye basi la usiku unaondoka zako kimawazo. Nimepewa majina ya albamu tatu: Selected Ambient Works 85-92 ya Aphex Twin (1992), Amber ya Autechre (1994) na Music Has the Right to Children ya Boards of Canada (1998). Bando linatosha moja tu leo. Mi naegemea hiyo ya mwisho kwa sababu ya kava, familia imepiga picha halafu nyuso zote zimefutwa.

Kanda60: Aphex Twin mkuu, usizunguke. Jina lake halisi Richard James, katokea Cornwall huko Uingereza, karekodi nyumbani na unasikia kabisa sauti ina vumbi vumbi, na kama hiyo 85 kwenye jina ni kweli basi kuna vitu alitengeneza ana miaka 14!! Anza na wimbo wa Xtal, ngoma inagonga kwa mbali halafu kuna sauti ya mwanamke inaelea juu yake, haisemi neno la kueleweka lakini huwezi kuizima. Green Calx ruka, inakera.

dadawaPemba: Kanda60 mtu kasema ANATAKA KUTULIA. Huyo wa kwako mguu mmoja bado uko klabu, Pulsewidth hiyo si unacheza kabisa? Chukua Amber mdogo wangu. Mwanzoni utaona baridi, Foil inaanza kama mabati yanasuguana, vumilia, ukifika Nine ngoma karibu hakuna, ni kinanda tu kinajizungusha taratibu na nafasi kubwa katikati, mi huwa nairudisha.

msee_wa_vinyl: Hao Autechre niliwapendea story moja. 1994 serikali ya Uingereza ilikuwa inapitisha sheria ya kuzima pati za porini, na ikaandika kabisa kwamba muziki unaolengwa ni ule wa biti zinazojirudiarudia. Wasee wakatoa Anti EP, rekodi fupi, ndani iko wimbo Flutter, wameipanga hakuna vipande viwili vya mapigo vyenye biti sawa ili sheria isiiguse, na kwa kava wakashauri ukiicheza uwe na wakili karibu. Kichekesho ni kwamba ni ngoma tamu, ina huzuni flani, si hesabu tupu.

Mzururaji89: Hiyo nimeipenda aisee. Ila nimeonja Roygbiv ya Boards of Canada, mbona kinanda kinayumba, au faili bovu?

dadawaPemba: Faili zima, ndo walivyotaka. Umewahi kusikiliza kaseti kwenye redio betri zinaisha? Ndo hiyo. Ni ndugu wawili wa Scotland, jina wamelitoa kwa ile bodi ya filamu ya taifa ya Kanada, na sauti yao yote iko kama mkanda wa zamani wa darasani uliokaa stoo. Nakubali Roygbiv ni tamu, tatizo dakika mbili na nusu imekwisha.

Kanda60: Tamu lakini hao walikuja 1998, njia ilishachongwa. Lebo ya Warp walishatoa albamu ya mchanganyiko Artificial Intelligence 1992, kava lina roboti limejilaza kwenye kochi na sahani za santuri za bendi za Kraftwerk na Pink Floyd ziko chini. Ujumbe si unaonekana, kaa usikilize.

msee_wa_vinyl: Kuwahi si kuwa bora buda. Na mbona hakuna ametaja 76:14 ya Global Communication, 1994? Kila wimbo jina lake ni urefu wake. Hiyo 14:31 saa inatik tik mwanzo na huchoki. Kwa basi ya usiku hakuna kitu inaishinda.

Mzururaji89: Sasa mmeniongezea ya nne na bando ni lile lile 😂 Nimeweka Amber ishuke, iko asilimia 60.

Kanda60: Haya. Ila siku ukirudi kwa Aphex usitumie spika ya simu, besi yote inapotea halafu unakuja hapa kusema ni ya kawaida.