Pensheni kwa kila mzee: kwa nini Bara bado?

Swali: Wanajukwaa, Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa mkaazi aliyetimiza miaka 70 pensheni jamii, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Kwa nini Bara, yenye Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, haijafika huko?

Jibu la kwanza: Kikwazo kinachotajwa ni fedha, ingawa kwa maoni yangu utashi ndio haba zaidi. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, hulenga kaya maskini. Kwa hiyo bibi anayeishi kwa mwanawe mwenye kibanda cha chipsi anaweza kuachwa nje ya orodha, hata kama hapewi senti ya dawa.

Jibu la pili: Naunga mkono, ila Kenya ina funzo. Inua Jamii huwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za huko kwa mwezi, lakini malipo yamewahi kuchelewa na kutolewa kwa mkupuo, ilhali mwenye duka hasubiri.

Jibu la tatu: Msisahau uthibitisho wa umri, kwani wengi wa kizazi hicho hawana cheti cha kuzaliwa, na mkulima aliyesuguliwa vidole na jembe huenda mashine isisome alama zake.