Karatasi za Khale Maryam

Khale Zuhura: Assalam aleikum nyote. Nimetoka kuongea na Maryam yuwalia, ati serikali ya Marekani imemkatalia ile pesa ya walemavu. Mtu ana kansa ya titi, ashapasuliwa, kimo, ile dawa kali ya kansa, imemmaliza nywele zote, sasa wataka awe vipi ndio wamuamini??

Ami Swaleh: Waaleikum salaam. Subhanallah. Kwani kansa yataka ushahidi gani tena

Aisha Columbus: Waaleikum salaam. Hiyo barua ninayo mimi huku Marekani tangu jana. Hawajasema hana kansa. Kansa nyingi jina peke yake halitoshi, Social Security, ile idara ya serikali inayolipa pesa hiyo, waangalia imeanzia wapi, imesambaa kadiri gani, dawa yaisaidia ama la, na matibabu yenyewe yamemwachia madhara gani, tena lazima iwe yamzuia kazi miezi 12 na zaidi ama iwe yatarajiwa kuishia kifo

Khale Zuhura: Mola amuepushie

Omar: Mbona nasikia kuna zinazopitishwa haraka haraka?

Aisha Columbus: Zipo, wana orodha ya haraka tangu 2008. Kansa ya kongosho, ya umio, ile ya mapafu ya seli ndogo, hata ya titi ile ya kuvimba likawa jekundu titi zima. Ya khale siyo. Yake imeingia tezi za kwapa 4, na sheria yao ya titi, miongoni mwa masharti yake, yataka tezi za kwapa 10 au zaidi, ama zile za juu au chini ya mtulinga, ama iwe ishafika mbali kama kwenye ini au mifupa

Ami Swaleh: Yaani mtu ahesabiwa tezi! Nne si ugonjwa?

Aisha Columbus: Ami hata mimi imeniuma. Lakini mnisikize, asipoingia kwa hiyo hesabu bado ni lazima waangalie aweza kufanya nini, asimame muda gani, abebe uzito gani. Khale kazi yake ni kuhudumia wazee, kuwainua kitandani, na sai mkono wa kulia umevimba haupandi juu. Nimepekua faili lote hilo la mkono halimo!! Ndani mna ripoti ya biopsi, kile kipimo cha kinyama, na ya upasuaji basi. Daktari akimuuliza waendeleaje yeye asema alhamdulillah niko sawa, na daktari aandika mgonjwa yuko sawa

Khale Zuhura: Ndivyo tulivyolelewa mwanangu. Ukiulizwa hali washukuru

Aisha Columbus: Ashukuru khale, halafu ataje na mkono. Aseme vidole vimekufa ganzi hawezi hata kufunga vifungo, aseme akitoka kimo alala mchana kutwa, na daktari ayaandike yote kwa faili. Nakuomba umpigie wewe, mimi aniona mtoto, ananificha

Omar: Na muda je, wa kukata rufaa

Aisha Columbus: Siku 60 tangu aipate barua, nao wachukulia imemfikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu. Wakikataa tena aomba kusikizwa na jaji. Asiache rufaa akajaza maombi mapya, hapo ndipo watu hupoteza miezi na miezi bure

Ami Swaleh: Akipita alipwa papo hapo?

Aisha Columbus: La ami, miezi 5 ya mwanzo ya ulemavu hailipwi, na bima ya afya ya serikali, Medicare, yangoja miezi 24 mingine baada ya hapo. Na si sadaka hii, ni makato ya mshahara wake mwenyewe miaka yote aliyofanya kazi huku, ni haki yake kuidai. Lakini mchango wetu tafadhali usisimame

Khale Zuhura: Nampigia baada ya magharibi, kwenu itakuwa bado mchana. Nitamuuliza mkono kwanza

Aisha Columbus: Na vidole khale, usisahau vidole

Ami Swaleh: Omar nakutumia elfu tano sai, iandike kwa mchango wa Maryam