Sehemu 9 za Star Trek: Khan, tumeongezewa nini hasa?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Mchezo huu wa sauti ulianza tarehe 8 Septemba 2025, kila Jumatatu sehemu moja. Nilizipakua zote kwa bando langu na kuzisikiliza usiku, taa nimezima, earphone masikioni. Khan, yule adui ambaye Kapteni Kirk alimwacha uhamishoni na watu wake kwenye sayari ya Ceti Alpha V, nampenda tangu utotoni, ndiyo maana nina hasira.

Filamu ya 1982, The Wrath of Khan, ilimaliza habari hii ya uhamisho kwa dakika chache tu. Nje upepo wa mchanga unavuma, Chekov, aliyewahi kuwa ofisa wa Kirk, anapekuapekua ndani ya makontena wanamoishi watu wa Khan, mara anaona jina la meli ya Khan, Botany Bay, kwenye mkanda. Moyo unampasuka, anamhimiza kapteni wake waondoke haraka. Wamechelewa. Ricardo Montalban, ndiye Khan, anaingia, anaeleza: miezi 6 baada ya kutupwa pale sayari ya jirani ililipuka, ya kwao ikageuka jangwa, na wadudu wa sayari hiyo wakaua watu wake 20, mke wake kipenzi akiwemo. Basi. Hiyo “mke wangu” ya Montalban ilinitosha miaka yote.

Sasa wamechukua maneno yale yale wakayavuta hadi sehemu 9. Sayari tunajua italipuka. Mke tunajua atakufa. Khan tunajua atabaki anamlaani Kirk. Nishtuke nini? Naveen Andrews, Khan wa humu, simlaumu hata kidogo. Hakumwiga Montalban, amekuja na sauti yake na ameitendea haki.

Halafu ile habari ya Dkt. Lear, anayechunguza yaliyompata Khan, kwenye meli ya Kapteni Sulu! Kumsikia George Takei akiwa Sulu tena ni raha, na Tim Russ pia. Lakini kila nikianza kuzama Ceti Alpha V, narudishwa melini watu wajadili kitu nilichotoka kukisikia mwenyewe. Mnanikata stimu ya nini?

Kinachoniuma zaidi ni Marla McGivers, huyo mke wa Khan. Kwenye kipindi cha TV cha mwaka 1967 alikuwa mwanahistoria wa Enterprise, meli ya Kirk. Akaisaliti meli kwa ajili ya Khan, akajuta, akamwokoa Kirk, halafu akachagua uhamisho na Khan badala ya mahakama ya kijeshi. Kwenye filamu ya 1982 amekuwa marehemu, hata jina hatajwi. Humu, kwa sauti ya Wrenn Schmidt, ndipo nilipomsikia kama mtu: mwanamke wa kawaida kati ya watu waliotengenezwa kuwa na nguvu kumshinda, hana ndugu, hana pa kurudi. Hapo niliacha kuangalia dakika zimebaki ngapi. Hiyo ndiyo hadithi ambayo hatukuwahi kupewa! Mngempa yeye sehemu zote, jina lake likae juu, mumewe aonekane kwa macho yake.

Na mnaojiandaa kuniambia “sikiliza tena”, nimesikiliza mara 2. Nitajieni jambo moja tu kuhusu Khan, siyo Marla, ambalo yale maelezo ya 1982 hayakuwa yameshawapa.