Tamthilia za kutisha kwenye runinga ya bure: matangazo yanaziua au yanazinoa?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kila tukizungumzia tamthilia za kutisha za Marekani hoja inayorudi ni ileile: stesheni kubwa za bure, yaani CBS, NBC, ABC na Fox, haziwezi ile mifululizo ambayo kila wiki ni kisa kipya, waigizaji wapya, na mambo yanaishia humo humo. Eti waachiwe vituo vya kulipia, huko damu inamwagika bila mtu kuuliza.

Mimi napinga. Kazi bora za aina hii zimetoka stesheni za bure, na ubora wake ulitokana na kufungwa mikono.

Chukueni The Twilight Zone ya CBS, 1959 hadi 1964, sehemu 156, na 92 kati ya hizo kaandika mwasisi wake, Rod Serling, mwenyewe. Kuna moja ya Novemba 1960. Mwanamke yuko hospitali, kichwa kizima kimefungwa bandeji, anasubiri kujua kama wamefanikiwa kumtengeneza sura. Madaktari na manesi wanaingia na kutoka. Kamera inawapiga migongo, mikono, vivuli ukutani, na mtazamaji anadhani ni mbwembwe za mwongozaji. Bandeji zinatolewa pole pole, na tunayemwona ni mrembo. Daktari anashtuka, anarudi nyuma: hakuna mabadiliko. Halafu ndiyo tunaonyeshwa nyuso za hao madaktari, midomo imepinda na pua kama za nguruwe. Tone la damu hakuna, na yote kwa dakika 25 hivi. Nitajieni cha kituo cha kulipia kinachomfunga huyu.

Au kipindi cha mwongozaji Alfred Hitchcock, CBS, Aprili 1958. Mke anampiga mumewe kichwani kwa paja la kondoo lililoganda, kisha analiweka kwenye oveni na kuwapakulia polisi waliokuja kutafuta silaha. Kwa kuwa runinga ya wakati ule haikutaka muuaji aondoke salama, Hitchcock anatokea mwishoni na kutuambia kwa uso mkavu kwamba mama huyo alikuja kukamatwa: alijaribu mbinu hiyo kwa mume wa pili, ila huyu alikuwa amesahau kuwasha friza, nyama ikawa laini. Sheria imeheshimiwa na imechekwa papo hapo. Bila sharti lile, mzaha ule usingezaliwa.

Karibuni, ila tupingane kwa hoja.

Popobawa Mstaafu

Mleta mada umechemka. Umechagua mbili zilizopona, makaburi umeyaruka.

Fear Itself ulishaiona? Mwasisi wake ni Mick Garris, yuleyule aliyeanzisha Masters of Horror kwenye Showtime mwaka 2005. Showtime ni ya kulipia, kila mwongozaji alipewa karibu saa nzima na hakuna tangazo. Juni 2008 Garris akaenda NBC na wazo lilelile, Alhamisi saa nne usiku. Saa moja ya NBC, ukitoa matangazo, haifiki dakika 45, na kila baada ya muda mfupi lazima uache mtu kwenye taharuki ili asibadilishe chaneli wakati wa tangazo la gari. Hofu inajengwa kwa kusubiri, mkuu. Hapo ukimkata mtu kila dakika chache, unaanza upya.

Sehemu 13 zilitengenezwa, zikarushwa 8. Olimpiki ya Beijing ikaingia Agosti, kipindi kikawekwa kando na hakikurudi. Zilizobaki zilitoka kwenye DVD. Ndiyo kunolewa huko?

Hata huyo Hitchcock wako. Kuna sehemu ya msimu wa 7, kipindi kimeshahamia NBC, kijana mwenye akili pungufu anaona mwanamazingaombwe akimkata mtu kwa msumeno, anaamini ni kweli inawezekana, naye anajaribu. Mdhamini alikuwa Revlon, wauza vipodozi. Walipoona mwisho wake wakakataa, na NBC haikuirusha. Vipodozi vimeamua sisi tuone nini.

bi_maktaba

Mleta mada, sifa zako kwa mikono kufungwa zingemuudhi Serling mwenyewe, na ni vizuri tuseme kwa nini alikimbilia viumbe wa ajabu na sayari za mbali.

Mwaka 1955 kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa Mississippi, kusini mwa Marekani, na wazungu waliomuua wakaachiwa. Serling akataka kuandika tamthilia juu ya jambo hilo. Ilipofika kwenye kipindi cha tamthilia cha The United States Steel Hour mwaka 1956, Mississippi imeshakuwa New England, kaskazini mashariki, na mweusi kageuzwa mgeni fulani tu. Hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa kwenye seti, kwa kuwa soda ile ilinukia Kusini. Na si yeye peke yake. Mwaka 1959 CBS ilirusha tamthilia kuhusu kesi za Nuremberg, walikohukumiwa Wanazi, na kwa kuwa mdhamini alikuwa chama cha makampuni ya gesi, neno "gesi" lilizimwa sauti pale yanapotajwa mauaji ya Wayahudi kwa gesi. Midomo inacheza, sauti hakuna!

Baada ya hayo ndipo Serling akaona kwamba kiumbe wa sayari nyingine anaweza kusema kile ambacho mtu wa Mississippi amekatazwa. Ile sehemu ya Machi 1960, majirani wa mtaa mmoja wanaopoteza umeme na kuanza kushukiana hadi wanaua, inatoka huko. Ni kazi kubwa. Lakini aliyefungwa akijua kucheza na kamba, sifa ni zake. Msiipe kamba.

Baba Wawili

Mimi nawaza watoto tu. Stesheni ya bure inaingia kila nyumba, hujaomba wala hujalipia. Kenya vituo vinatakiwa kubaki na vipindi vya familia kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, naona ni haki. Marekani wanaachiaje?

Popobawa Mstaafu

@Baba Wawili, kaka, hapo ndipo penye kichekesho. Saa za kule, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, zinahusu ngono na lugha chafu. Ukatili haumo. Mamlaka ya mawasiliano, FCC, ilipeleka ripoti bungeni mwaka 2007 ikiomba jambo hilo litungiwe sheria, na halikutungiwa. Kwa hiyo mkasi unaoukata msumeno na shoka hauna serikali nyuma yake. Una idara ya stesheni inayomwogopa mtangazaji wa biashara.

Mleta mada

@Popobawa, umeitaja Masters of Horror kama ndiyo uhuru wenyewe. Mwongozaji wa Kijapani, Takashi Miike, aliwatengenezea sehemu yake, Showtime ya kulipia, isiyo na tangazo hata moja, ikaiangalia na kukataa kuirusha. Mkasi upo kila mahali, tofauti ni nani kaushika.

Kuhusu muda nakukatalia kabisa. Mwaka 1963 CBS iliirefusha The Twilight Zone kuwa ya saa nzima, sehemu 18. Zitazame. Kisa kinafika dakika ya 30 kimeshamaliza pumzi, watu wanazunguka chumba wakirudia waliyosema. Msimu uliofuata wakarudi nusu saa.

@bi_maktaba, dada, hiyo ya gesi inauma na sina la kuitetea. Lakini mimi sisemi mdhamini alikuwa na nia njema. Nasema tamthilia ya mtaa ule ingeandikwa waziwazi juu ya Mississippi, waliopaswa kujitazama ndani yake wangezima runinga dakika ya pili. Kwa kuwa iliwajia na kisa cha sayari, walikaa hadi mwisho.

mtu_wa_seti

Naona wote mnazunguka gharama. Tamthilia ya polisi ina ofisi ileile, magari yaleyale, waigizaji wana mkataba wa miaka. Hii yenu kila wiki seti mpya, mavazi mapya, na mtazamaji hana mhusika wa kumrudia. Mtangazaji wa biashara anataka watu walewale wiki ijayo. Ndiyo maana haidumu, damu au bila damu. Inside No. 9 ya Uingereza ilidumu 2014 hadi 2024, sehemu 55, na ni BBC, mlipaji ni mwenye leseni ya runinga. Tena wanajibana kwa hiari, mara nyingi chumba kimoja, nusu saa. Mwaka 2018 walirusha sehemu mubashara, sauti ikakatika, mtangazaji akaomba radhi, na wapo waliohamia chaneli nyingine wakidhani mitambo imekufa kweli. Kumbe ndiyo hadithi yenyewe. Jaribu kumuuzia mwenye tangazo la sabuni wazo la kuwafukuza watazamaji.

bi_maktaba

@mtu_wa_seti, asante. Na mwongeze Night Gallery, NBC, 1970 hadi 1973. Serling alikuwa akitokea mbele ya michoro ya kipindi kila wiki, watu wakaamini ni kipindi chake, kumbe maamuzi alikuwa nayo mtayarishaji. Ilipouzwa kwa vituo vidogo kwa marudio, studio ilikata sehemu za saa nzima kuwa nusu saa, na ili zitimie idadi wakachomeka mfululizo mwingine kabisa, The Sixth Sense, wakamlipa Serling aufanyie utangulizi. Alifariki 1975. Matoleo yale yaliyokatwa yaliendelea kuzunguka kwa miaka, na jina lake juu.