Wauza vifaa vya safari Kariakoo, bei rahisi si ruhusa ya kutudanganya

Wakuu heshima kwenu.

Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Hapa Dar ukitaka hema, koti la mvua, buti au tochi ya kichwani kwa bei ya mtu wa kawaida, unauziwa maandishi ya kwenye lebo. Ukirudi dukani kulalamika unajibiwa, "Kaka, si ulitaka cha bei rahisi?" Jibu hilo ndilo limenifanya nifungue uzi huu. Muuzaji kasema uongo, halafu lawama anabebeshwa mnunuzi kwa sababu mfuko wake mdogo.

Tuelewane kwanza. Sidai hema la 95,000 lifanane na la milioni. Nadai kwamba likiandikwa halipitishi maji, basi lisipitishe maji. Kama ni la kukaa kivulini ufukweni Kigamboni, niambie hivyo. Nitalinunua kwa kazi hiyo na nitakuletea wateja wengine.

Hema lililonichefua lilitoka duka moja la Kariakoo, jina silitaji. Lebo inasema watu 4, mvua yoyote, 3,000 mm. Nikamwambia muuzaji waziwazi: tunakwenda Uluguru, ni msimu wa vuli, kule mvua si ya mchezo. Yeye na winga aliyenipeleka, yule dalali wa kuvutia wateja dukani, wakaapa kwa Mungu. Siku hizi vijana wengi wanapanda treni ya SGR wikiendi, ndani ya saa mbili wako Morogoro, wanapandisha milimani, kwa hiyo biashara hii imekua na wanajua fika tunakwenda wapi. Usiku ule mvua ilipokolea, maji yalianza kuchuruzika kwenye mishono. Kitambaa chenyewe kilijitahidi, mishono ndiyo ilitumaliza. Tulikuwa na dada mmoja mwenye pumu, alikesha amekaa kwenye begi lake kwa sababu chini kote kumelowa. Asubuhi tukaligeuza hema nje ndani tukalinyoosha kuelekea jua: matundu ya sindano mstari mzima, mwanga unapita kama kwenye chekeche. Utepe wa kuziba mishono hakuna hata sentimita moja.

Kwa wasioelewa ile namba: milimita hizo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kubeba juu yake kabla hayajaanza kupenya. Paa la 1,500 linatosha kwa mvua ya kawaida. Sakafu inahitaji zaidi, maana unaikandamiza kwa magoti na mgongo. Lakini namba hiyo inapima kitambaa peke yake. Mishono isipozibwa kwa ndani, hata waandike 10,000 utalowa. Kwa hiyo usisome lebo, omba hema lifunguliwe palepale, pitisha kidole kwenye mshono kwa ndani. Kama huoni utepe unaong'aa uliogandishwa juu ya uzi, ondoka. Na muuzaji akikataa kufungua ("utaniharibia mzigo") ameshakujibu.

Niliporudisha, nikaoneshwa kibao ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hawakunipa, nilipoiomba siku ya kununua waliniambia bei ingepanda. Ndugu zangu, kibao hakimpi mtu kibali cha kudanganya. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, nayo inasema ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kufanyia kitu, na ukategemea ujuzi wake, kitu hicho kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Ndiyo maana risiti wanaikimbia. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha madai yako.

Halafu hizi pawabenki! Barabarani kila mmoja anauza ya 50,000 mAh (hicho ni kipimo cha chaji inayobebwa), nyepesi kama sanduku la kiberiti. Fanyeni hesabu. Ile betri ya duara inayowekwa ndani, inayoitwa 18650, ina uzito wa karibu gramu 45 hadi 50, na zile nzuri kabisa zinabeba kama 3,500 mAh. Ili ufike 20,000 unahitaji sita, yaani karibu gramu 280 kabla hujaweka kasha. Ukishika kitu chepesi kimeandikwa 20,000, huo ni uongo. Kikiwa kizito bado usiamini: yangu alipoifungua fundi simu tulikuta betri mbili, na pembeni kapakiti ka mchanga kamegandishwa kwa gundi. Mtu alikaa, akapima mchanga, akaufunga, ili mimi nikiwa porini na simu imezima nisiweze kupiga hata simu ya dharura. Hilo siwezi kuliita biashara.

Na hata kama hiyo 50,000 ingekuwa kweli, kwenye ndege hupandi nayo. Zidisha kwa volti 3.7, gawa kwa 1,000, unapata wati-saa 185. Mashirika ya ndege yanaruhusu hadi 100 kwenye begi la mkononi, kati ya 100 na 160 mpaka shirika likubali, zaidi ya hapo inabaki uwanjani.

Mifuko ya kulalia nayo imeandikwa nyuzi joto -10 na ukiikunja inaingia mfukoni. Lebo ya kweli huwa na angalau namba mbili za nyuzi joto, moja ya kulala kwa raha na nyingine ya mwisho wa kuvumilia. Ukiona moja tu, tena imechapwa kwa herufi kubwa, usipande nayo Kilimanjaro. Kule juu usiku ni chini ya sifuri na baridi inaweza kukuumiza vidole. Anayetaka Kilimanjaro au Meru akodi Moshi au Arusha, vifaa vya kukodi vipo, unavikagua, unarudisha. Usinunue Dar kitu cha baridi utakachotumia mara moja.

Mnaosema "nenda maduka ya Masaki", kule kwa wenye pesa: nimeenda. Tochi ileile, kasha lilelile, bei mara tatu.

Kwa sasa mimi nanunua mitumba, soko la Karume. Pale angalau unavuta zipu mara kumi, unamwaga maji ya chupa kwenye koti mbele ya muuzaji, hakuna anayekununia. Buti tu ndiyo muwe makini sana. Buti nyingi za kupandia milima zina tabaka la povu la plastiki katikati ya soli, na povu hilo linaoza lenyewe kwa unyevu na joto hata kama buti haijavaliwa. Juu ngozi inameta, chini unga. Bonyeza kwa kidole gumba pembeni ya soli, kikiacha shimo au kukitoka vumbi, achana nayo, fundi hawezi kushona unga. Na kuna maduka yanauza buti mpya zilizokaa stoo miaka, ugonjwa ni huohuo. Kwa matope ya msituni gambuti ya kawaida inaishinda hiyo buti ya "kitaalamu" ya laki mbili. Nguo weka ndani ya mfuko mzito wa taka kabla ya kuingiza begini, na turubai la vifaa vya ujenzi lifunge juu ya hema. Vyote hivyo bei yake ni ndogo na vinafanya kazi, kwa sababu hakuna aliyeviandika uongo.

TBS (Shirika la Viwango) na FCC (Tume ya Ushindani), nawaomba kwa heshima: msihangaike na nembo bandia za kampuni kubwa peke yake. Pitieni na hizi namba. Chukueni pawabenki kumi kutoka barabarani, zipimeni, tangazeni matokeo hadharani. Hema limwagieni maji. Halihitaji maabara kubwa hilo.

Nanyi wakuu, mwenye hema lililopita masika bila kuvuja aweke hapa bei, mwaka alionunua na picha ya mishono kwa ndani. Wauzaji mnaopita humu pia karibuni, yeyote anayekubali mteja ajaribu kitu mbele yake na kumpa risiti, aseme yuko mtaa gani. Nitakuja Jumamosi na pesa mkononi.